Mapambo ya Fedha ya Ugogo: Asili Yake ni Wapi?

 

Mazungumzo yetu ya leo yametokana na kifurushi kidogo cha nguo ya kaniki. Kifurushi hicho kililetwa kwetu na mwanafunzi mmoja wa kijiji kilicho upande wa magharibi ya Dodoma. Alipokwisha kutuamkia alikifungua juu ya meza, na ndani yake mlikuwa na mapambo matatu ya bibi yake, mzaa mama. La kwanza lilikuwa pambo la mkono la shaba ya manjano, lililozungushwa mara nyingi kama chemchemi ya saa. La pili lilikuwa mkufu wa ushanga wenye vipande vyembamba vyeupe vinavyoning'inia, kila kimoja kimekatwa mfano wa ncha ya mshale. La tatu lilikuwa uzi wa ushanga mwekundu, na katikati yake kisahani cheupe cha mviringo, kizito, chenye tundu karibu na ukingo.

Yule kijana akatueleza haja yake. Nyumba ya bibi yake ilikuwa imeharibika paa, na bibi alitaka kununua mabati kabla ya masika. Akaja mnunuzi sokoni akaviona vitu hivi, akasema, "Hii yote ni fedha ya kikabila, nitainunua kwa uzito, bei moja." Mjomba wake akakubali mara moja. Akasema, "Viuzwe. Sisi Wagogo hatukuchimba fedha, wala shaba, wala hatukufanya ushanga. Vitu hivi ni vya Waarabu na Wahindi na Wazungu. Tunalinda mali ya watu wengine." Bibi hakujibu neno, ila alivifunga vitu vyake katika kaniki, akamwita mjukuu wake akamwambia, "Nenda kaulize kwa watu wa vitabu."

Basi maswali yalikuwa mawili. Je, vitu hivi ni fedha? Na je, ni vyetu? Mnunuzi alikuwa amejibu la kwanza, na mjomba la pili. Sisi twaona kwamba wote wawili walijibu upesi mno.

Tulianza na swali la kwanza, maana ndilo jepesi, na kila msikilizaji aweza kulipima nyumbani kwake bila mashine yoyote. Chukua kipande cha kitu cheupe, ukiweke juu ya kiganja cha mkono. Fedha ni nzito. Kipande cha fedha chenye upana na urefu na kimo cha sentimita moja kina uzito wa gramu kumi na nusu, lakini kipande cha alumini cha kadiri iyo hiyo hakifiki gramu tatu. Maana yake ni kwamba fedha huishinda alumini karibu mara nne, na mkono wa mtu hautoshindwa kuitambua tofauti hiyo hata akifumba macho. Tena fedha ikikaa bila kuvaliwa huingia weusi, ilhali alumini hupata rangi ya kijivu tu.

Vile vipande vyembamba vya mkufu vilikuwa vyepesi kama jani kavu. Vilikuwa alumini. Na hapa historia yake si ndefu, kwa kuwa njia ya kuipata alumini kwa wingi na kwa bei ndogo iligunduliwa mwaka 1886, na watu wawili waliokuwa mbali mbali, Hall katika Marekani na Héroult katika Ufaransa. Kwa hiyo hapana pambo la alumini lililoweza kuvaliwa na babu wa babu zetu. Madini haya yalitufikia yakiwa sufuria na sahani, na mafundi, hasa miongoni mwa Wamasai na jirani zao, wakaona kwamba yakatika kwa mkasi na yang'aa kama fedha. Tusiyadharau kwa sababu hiyo. Mwanamke anapocheza, vipande hivyo hugongana vikatoa sauti nyembamba ambayo fedha nzito haiwezi kuitoa. Walakini ayauzaye au ayanunuaye kwa jina la fedha anajidanganya, au anamdanganya mwenziwe.

Kile kisahani cha mviringo kilikuwa habari nyingine. Kilikuwa kizito, na tulipokifuta kwa kitambaa tuliona upande mmoja taji la majani, na maneno ya Kijerumani, na mwaka 1906. Upande wa pili, uliokuwa umesuguliwa sana hata kukaribia kuwa laini, tuliona kwa shida kichwa cha mtu mwenye masharubu, aliyevaa kofia ya chuma yenye ndege juu yake. Huyo ni Wilhelm wa Pili, Kaisari wa Ujerumani, na kisahani hicho ni rupia moja ya Kijerumani. Tundu lilikuwa limetobolewa juu ya kile kichwa, pale alipokaa ndege. Rupia hiyo hupata uzito wa gramu kumi na moja na zaidi ya nusu, na katika kila sehemu mia za uzito wake, karibu tisini na mbili ni fedha safi. Hii ndiyo fedha pekee iliyokuwamo ndani ya kaniki ya yule bibi.

Fedha yenyewe basi iliingia Ugogo ikiwa sarafu. Haikuchimbwa katika vilima vyetu, wala hatusikii habari za babu walioiyeyusha hapa. Hata maneno yetu yashuhudia jambo hilo. Neno fedha ni la Kiarabu. Pesa na rupia ni za Kihindi. Hela ni ya Kijerumani, nalo lilianza kutumika katika nchi hii mwaka 1904, Wajerumani walipoigawa rupia yao katika hela mia moja. Bangili ni jina lililotoka Bara Hindi, na sonara, yule fundi afuaye fedha na dhahabu, kadhalika. Lakini chuma ni neno la Kibantu, na kwa neno hili tutarejea baadaye.

Labda msikilizaji atauliza: mbona pwani kuna mapambo mengi ya fedha tangu zamani, na bara hakuna? Pale Lamu na Unguja na Mombasa wanawake walivaa vikuku na mafurungu miguuni, timbi na kekee mikononi, na mikufu na vidani shingoni, vyote vya fedha. Nao hawakuwa na machimbo vilevile. Walikuwa na reale. Reale ni sarafu kubwa yenye sura ya mwanamke mnene, malkia Maria Theresa wa Austria, na mwaka ulioandikwa juu yake ni 1780, mwaka aliokufa malkia huyo. Hata baada ya kufa kwake ziliendelea kupigwa zikiwa na mwaka ule ule, maana wafanyaji biashara wa Arabuni na Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameizoea sura hiyo na hawakutaka nyingine. Uzito wake ni gramu ishirini na nane, na sehemu tano katika sita ni fedha. Mwenye kutaka kikuku aliweza kupeleka reale zake kwa sonara, naye akaziyeyusha katika kalibu, akazifua, au akazivuta ziwe uzi kwa kuzipitisha katika matundu ya chamburo, tundu kubwa kwanza na dogo baadaye. Kwa hiyo pambo la pwani lilikuwa akiba. Siku ya shida lilipimwa tena katika mizani likawa mali.

Sasa, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo mwaka hata mwaka, ikienda Unyanyembe na Ujiji kutafuta pembe za ndovu. Kwa nini reale hazikufuata njia hiyo kwa wingi? Ni kwa sababu bara hazikuwa na kazi. Msafiri akiwa katika jangwa la Marenga Makali, ambapo maji ni ya chumvi au hapana kabisa, hatanunua maji kwa kitu ambacho mwenye kisima hana haja nacho. Mwenye kisima alitaka nguo, alitaka ushanga, alitaka masango, yaani uzi mnene wa shaba ya manjano. Stanley, aliyepita Ugogo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alieleza katika kitabu chake kwamba katika safari za bara ushanga ni mfano wa senti za shaba, nguo ni mfano wa fedha, na masango ni mfano wa dhahabu, hasa katika nchi zilizo ng'ambo ya Tanganyika. Msikilizaji akilishika jambo hili, ataelewa kwa nini pambo la thamani katika nchi hizi lilikuwa la rangi ya manjano wala si jeupe.

Na Ugogo hakukuwa mahali pa kupita bure. Nchi hii ina mvua chache, na visima na maziwa yake yalikuwa na wenyewe. Kila mtemi alitoza hongo kwa msafara uliotaka kunywa maji na kupita kwa amani. Burton na Speke walipopita mwaka 1857 walimkuta Magomba, mtemi wa Kanyenye, na habari za hongo yake zilienea hata pwani. Stanley naye, miaka kumi na minne baadaye, alilipa kwa huyo huyo Magomba, akinung'unika sana. Wasafiri hao waliandika kwa hasira kama watu walioibiwa. Sisi twasoma maneno yao kwa namna nyingine. Watu wa nchi kavu walikuwa na maji, na wenye msafara walikuwa na shaba, wakabadilishana. Hasira ya mnunuzi haithibitishi kwamba muuzaji ni mwizi.

Tena wasafiri walipaswa kujua watu wanapenda nini, maana ushanga usiopendwa haukununua hata kibaba cha uwele. Mwenye msafara aliyechukua rangi iliyopendwa mwaka uliopita aliweza kukuta imekwisha kutupwa, naye akabaki na mizigo mizito na tumbo tupu. Ushanga mwekundu ulioitwa samesame ulipendwa hata ukapewa jina la kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoutamani. Ushanga huo ulifanywa Venice, katika Italia, na mafundi ambao wengi wao hawakuona hata siku moja mlima wala mbuga ya Afrika. Na kama mwanamke wa Ugogo alisema, "Siutaki huu wa buluu," msafara mzima ulitaabika, na habari ilirudi polepole mpaka pwani, na kutoka pwani kwa merikebu mpaka kwa hao mafundi. Je, katika biashara hiyo nani aliyekuwa akimwongoza mwenziwe?

Twende sasa kwenye lile pambo la kwanza, la shaba, ambalo mnunuzi alilisukuma kando kama kitu kisicho na maana. Sisi twaliona ndilo kubwa kuliko yote. Wasafiri wa zamani waliliita kitindi. Masango yalifika bara yakiwa marundo ya uzi mnene, yaliyochukuliwa mabegani na wapagazi Wanyamwezi safari ya miezi mingi. Fundi aliupasha moto ule uzi mpaka ukalegea, kwa maana shaba iliyofuliwa ikiwa baridi huwa ngumu na hukatika. Kisha akauzungusha taratibu, mzunguko juu ya mzunguko, hata ukafunika mkono tangu kifundo mpaka karibu na kiwiko. Mafundi wengine waliuvuta mwembamba sana, wakapata udodi, wakauzungushia juu ya nywele za mkia wa mnyama au nyuzi za mti, ukawa pambo la mguu, jepesi na laini. Wanyamwezi huliita sambo. Mwanamke mwenye mali aliweza kuvaa mengi kwa pamoja, mguu ukaonekana kama umevikwa soksi ya shaba.

Kazi hii ya kuzungusha na kuvuta haikuja ndani ya mizigo ya msafara. Uzi ulikuja, lakini mkono uliojua la kufanya ulikuwapo tayari. Ulitoka wapi ujuzi huo? Ulitoka katika chuma. Kabla shaba ya ng'ambo haijafika, wahunzi wa nchi zetu za bara waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru za udongo, wakipuliza kwa mivukuto ya ngozi, wakafanya majembe na mishale na mikuki, na pamoja na hayo pete na minyororo na njuga za miguuni. Majembe ya nchi za kusini mwa ziwa Victoria yalisafirishwa mbali sana kwa biashara, na Wanyamwezi waliyachukua kama watu wachukuavyo fedha. Shaba nyekundu nayo ilitoka Katanga, ambako Wanyamwezi walikwenda na kurudi. Mmoja wao, Msiri, alikaa huko akajifanya mfalme katika karne ya 19. Kwa hiyo uzi wa manjano ulipoingia, ulikuta mafundi wanaojua tayari moto na nyundo na fuawe. Walichofanya ni kubadili chuma kwa shaba, kama fundi wa leo abadilivyo shaba kwa alumini. Hata mpaka sasa, kaskazini ya nchi yetu, karibu na ziwa Eyasi, wahunzi wa Wadatoga huyeyusha makufuli ya zamani na vipande vya shaba, wakafanya bangili mbele ya macho ya mtu.

Na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, Wazungu walipotandika nyuzi za simu porini, baadhi ya nyuzi hizo ziligeuka mapambo usiku mmoja. Hatusifu wizi. Twasema tu kwamba aliyeutundika uzi na aliyeutazama kwa chini hawakuona kitu kimoja.

Lakini kabla ya chuma je? Hapa yatupasa kwenda Kondoa, mwendo usio mkubwa kutoka Dodoma kwa upande wa kaskazini. Wengi wenu mmesikia habari za michoro ya kale iliyo katika majabali ya Kolo. Katika nchi hiyo hiyo kuna pango liitwalo Kisese, na wataalamu waliochimba ardhi ya pango hilo katika miaka ya 1950 walipata ushanga mdogo uliokatwa katika maganda ya mayai ya mbuni. Kila punje ilitobolewa katikati na kusuguliwa ukingo hata ikawa mviringo. Miaka ya karibuni ushanga huo ulipimwa kwa njia za kisayansi, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba punje nyingine zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Twaomba wanafunzi wasidhani tumekosea kusoma. Wakati huo hapakuwa na Venice, wala Bombay, wala Bagamoyo. Hapakuwa na Mgogo wala Mrangi wala Msandawe kwa majina hayo. Lakini katika uwanda huu palikuwa na mtu aliyeketi akatoboa ganda la yai ili alivae.

Tukiisha kusema hayo, turudi kwa mjomba. Yeye hakusema uongo. Shaba ilitoka ng'ambo, ushanga ulitoka Italia, rupia ilipigwa Ujerumani, na alumini ilitoka katika viwanda vya Ulaya. Kosa lake ni kudhani kwamba asili ya kitu ni asili ya madini yake tu. Kama ndivyo, basi hata Waingereza hawana vito vyao wenyewe, kwa maana hawachimbi almasi kwao. Na sonara wa Unguja hana kazi yake, kwa kuwa reale ni ya Austria. Na Wagogo wenyewe ni nani? Marehemu Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa hapa Dodoma, aliandika kitabu cha historia na mila na desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954. Wazee wa Ugogo wenyewe husimulia kwamba koo zao zilikuja kutoka pande mbalimbali, nyingine Uhehe, nyingine Ukaguru, nyingine Unyamwezi na kwingineko, zikakutana katika nchi hii kavu yenye ng'ombe, zikawa watu wamoja. Hapana asemaye kwamba kwa sababu hiyo Wagogo si Wagogo.

Hata namna ya kuvaa ilikuwa ya kwao. Wasafiri wa karne ya 19 walishangaa masikio ya Wagogo, ambayo ndewe zake zilitobolewa na kupanuliwa, na ndani ya tundu wakatia vijiti, na vibuyu vidogo vya tumbako, na minyororo, na shaba iliyozungushwa.  Mtu mwenye mifuko katika koti lake huenda asione kwamba sikio lile nalo lilikuwa mfuko. Mambo mengine yalifanana na ya Wamasai, waliokuwa jirani na mara nyingine adui, na mtu huiga hata kwa adui yake. Shaba ile ile ikivaliwa Unyamwezi ilikaa mguuni namna moja, na Ugogo namna nyingine, na mtu wa zamani akimwona mgeni kwa mbali alijua kwao kabla hajasikia lugha yake.

Sasa kuhusu bei. Tulimwambia yule kijana hivi. Mkufu wa alumini, kwa uzito wa madini yake, ni kitu kidogo, hautanunua hata msumari wa bati. Thamani yake yote i katika kazi ya mikono. Rupia ina fedha ya gramu kumi na zaidi kidogo, na bei ya fedha hujulikana kila siku, hivyo asikubali kuuza kwa mtu asiyeipima mbele yake. Na tundu lile, ambalo kwa mkusanyaji wa sarafu ni dosari, kwa watu wa makumbusho ndilo habari yenyewe. Kitindi ni kizito, na mnunuzi wa vyuma vikuukuu atakiyeyusha siku hiyo hiyo. Kikiyeyushwa hakirudi. Mafundi waliojua kuzungusha masango ya unene ule ni wachache mno, na vitindi vingi vimekwisha kuyeyuka katika miaka ya njaa. Njaa ile iliyoitwa Mtunya, ya miaka 1917 hata 1920, iliua watu wengi sana katika Ugogo, maana vita vilikuwa vimechukua ng'ombe na nafaka na wachukuzi, kisha mvua ikakosekana. Mwenye pambo wakati kama ule hatazami uzuri, hutazama kibaba. Hatuwezi kumlaumu mtu wa njaa. Lakini bibi huyu alihitaji mabati, hakuwa na njaa, na mabati yana njia nyingine.

Tulimwomba pia aandike, katika daftari lake la shule, jina la kila pambo kwa Kigogo kama bibi atamkavyo, na ni nani alivaa, na kwa siku gani, kama ni arusi au ngoma au jando la kaka. Jumba la makumbusho la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1940, laweza kuhifadhi chuma na shaba kwa miaka mingi, lakini haliwezi kuyajua majina kama hakuna aliyeyaandika.

Baada ya majuma mawili kijana akarudi na daftari. Kitindi alikivaa mama wa bibi siku ya kuolewa. Mkufu ulinunuliwa kwa Wamasai mnadani, bibi alipokuwa msichana. Na habari ya rupia ilikuwa hii. Reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Morogoro, baba wa mama yake bibi alifanya kazi ya kuchimba tuta, kabla gari la moshi halijafika Dodoma mwaka 1910, akalipwa kwa rupia. Wakati huo serikali ya Wajerumani ilikuwa ikitoza kodi ya nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1898, na rupia zake nyingi zilirudi huko huko zilikotoka. Moja akaificha. Vita vikaja, Wajerumani wakaondoka, na mwaka 1921 shilingi ikashika mahali pa rupia. Ile moja haikununua kitu tena, basi akaitoboa akampa binti yake aivae.

Tulikuwa na swali moja lililosalia, nalo tulimtuma kijana aulize. Mbona upande mmoja wa rupia umesuguliwa hata kuwa laini, na upande wa majani ni mzima kama mpya? Bibi akajibu kwamba tangu mama yake walikuwa wakiivaa hivyo, majani yakitazama nje, na yule bwana wa kofia akigeuzwa ndani, juu ya ngozi. Kijana akamwuliza sababu. Bibi akasema, majani ni mazuri, na yule bwana hatumjui.